Je, Wajua? Jangwa Lililo Juu ya Migomba Yetu

Je, wajua kwamba mkulima wa kahawa na ndizi anayeishi Materuni au Shimbwe, huku kwetu Uru, ana jangwa juu ya kihamba chake, shamba la nyumbani kwake? Jangwa lenyewe, la vumbi, changarawe na mawe meusi. Kutoka Uru hadi ukingo wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 30, na ndani ya umbali huo mtu anaacha migomba, anapita msitu mnene, anatokea kwenye nyasi na vichaka, kisha anaingia nchi isiyo na mti hata mmoja. Nchi hiyo huanzia kwenye mita kama 4,000 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi mita 5,000 hivi. Kuna watu wanaosafiri hadi Namibia na Botswana kwa gharama kubwa ili walale hemani katika jangwa la Namib au Kalahari. Vijana wa Uru, Kibosho, Machame na Marangu hulala jangwani wiki baada ya wiki, kwa kazi, na wengi wetu tuliobaki chini hatujawahi hata kuwauliza kukoje huko.

Je, wajua sababu ya ukame huo? Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hukutana na mlima, hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga mvua. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huishia msituni upande wetu wa kusini, ambako mwaka mmoja huleta zaidi ya milimita 2,000. Upepo ukifika juu umekwisha kumaliza mzigo wake. Jangwani hufika milimita 200 hadi 250 tu kwa mwaka, na nyingi ya hizo huja kama theluji ambayo jua huifuta kabla ya mchana kwisha. Ndiyo maana mtu aliyeko kambini huko juu huyaona mawingu yakiwa chini yake, yametanda juu ya Uru yetu, huku yeye amekaa juani na midomo imepasuka.

Je, wajua kwamba maji ya mifongo yetu, yaani mifereji yetu, hayategemei ile theluji tunayoiona asubuhi? Zaidi ya tisa ya kumi ya maji yanayotoka mlimani hutoka kwenye ukanda wa msitu. Anayekata mti wa msitu anakausha mfereji wa jirani yake moja kwa moja; jangwa na barafu havitamwokoa.

Je, wajua mtu wa kwanza anayejulikana kwa jina kulinda kambi katika jangwa hilo alitoka wapi? Alitoka Pangani, pwani. Aliitwa Mwini Amani. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walipokwenda kutafuta kilele, waliweka kambi yao ya juu kwenye mita zaidi ya 4,300, karibu na Kibo. Wapagazi wengi walibaki kambi za chini, kwenye joto kidogo. Mwini Amani alikaa nao juu kwa zaidi ya wiki mbili, akipika na kutunza hema kila wazungu hao wawili walipokuwa barafuni, na kila baada ya siku chache watu walipanda kutoka Marangu kuleta chakula. Tarehe 6 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika juu. Historia ya shule hulitaja jina la Meyer, na siku hizi hulitaja pia jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa aliongoza njia. La Mwini Amani halitajwi mara nyingi. Mtu aliyekulia kwenye minazi na maji ya chumvi alilala usiku baada ya usiku mahali ambapo maji huganda ndani ya kibuyu, bila begi la kulalia la kisasa. Kwangu mimi huyo ndiye mzee wa kwanza wa kambi zote za Kilimanjaro, na anastahili kibao chenye jina lake huko juu.

Na maji ya upande wetu wa mlima huu, kwa taarifa yako, huishia kwao Mwini Amani: mito yake huingia mto Pangani, nao humwagika baharini kwenye mji wa Pangani.

Je, wajua kwamba uwanda kati ya Kibo na kilele jirani cha Mawenzi una ukubwa wa hekta kama 3,600? Ni tambarare kubwa kuliko zote za namna hiyo katika Afrika ya tropiki kwa kimo kile. Wazee walikuwa na habari yake: Mawenzi alizoea kwenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa la moto, akaomba mara nyingi mno hata Kibo akakasirika na kumpiga kwa mchi, na ndiyo maana kichwa chake kimechongoka hadi leo. Mtu akisimama katikati ya uwanda ule, upepo ukiwa mkali na vumbi likiruka, anaona kwamba kaa la moto lilikuwa jambo la kugombaniwa kweli.

Je, wajua kwamba huko juu mchana ni kiangazi na usiku ni kipupwe, kila siku ya mwaka? Saa sita mchana jua huunguza ngozi, kwa kuwa kila ukipanda mita 1,000 mionzi yake mikali huongezeka kwa kama asilimia 10. Jua likizama, joto huporomoka chini ya sifuri ndani ya muda mfupi. Kwenye kilele chenyewe wastani wa mwaka mzima ni nyuzi 7 chini ya sifuri.

Je, wajua kwamba ardhi ya kambini hunyanyuka usiku? Unyevu mdogo uliomo udongoni huganda, ukawa sindano nyembamba za barafu zinazosukuma changarawe juu. Asubuhi zinayeyuka na changarawe inarudi chini. Mchezo huo wa kila siku hukata mizizi ya mimea michanga, na hiyo ni sababu moja ya ardhi kubaki tupu. Kuna kuvumwani wa Kilimanjaro wanaoishi bila kushikamana na ardhi kabisa: sindano hizo huwageuza na kuwaviringisha kidogo kidogo hata wanakuwa kama mipira midogo ya kijani, hai pande zote. Mgeni huwakanyaga bila kujua.

Je, wajua kwamba lobelia ya mlimani hujifunga usiku? Majani yake hukunjana kuulinda moyo wake, na katikati huhifadhi maji yenye utomvu usioganda upesi. Senesio, ile mimea mirefu yenye vichwa kama kabeji inayoonekana bonde la Barranco, huvaa majani yake makavu kiunoni mwaka hadi mwaka badala ya kuyaangusha, ili shina lisigande. Juu zaidi hubaki maua madogo makavu yasiyonyauka. Aina mojawapo, Helichrysum newii, imekutwa ndani ya kreta ya Kibo kwenye mita zaidi ya 5,600, karibu na mahali panapotoka mvuke wa moto wa volkano. Jina lake linamkumbuka Charles New, mmisionari aliyepitia Moshi kwa Mangi Mandara mwaka 1871, akapanda hadi akaigusa theluji.

Je, wajua kuna wanyama? Pofu huonekana wakikatiza uwanda wa kati. Panya wenye milia minne mgongoni huishi kwa makombo ya kambi, na kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe hukaa juu ya mawe wakisubiri mpishi ageuke. Wana ujasiri wa kuingia hemani na kuondoka na mkate. Mwaka 1962 Wilfred Thesiger, msafiri wa Uingereza, aliripoti kuwaona mbwa mwitu watano karibu kabisa na kilele. Na katika miaka ya 1920 mzoga wa chui ulioganda ulikutwa kwenye ukingo wa kreta. Mchungaji Richard Reusch ni mmoja wa waliouona, na Ernest Hemingway akauingiza katika hadithi yake ya mwaka 1936. Chui yule alikuwa akitafuta nini, hakuna ajuaye.

Je, wajua kwamba kambi ya Barafu haina maji? Jina lake linamdanganya mgeni. Iko kwenye mita 4,670 hivi, juu ya mgongo wa mawe, na ndiyo kambi ya mwisho kwa wengi wanaopanda kwa njia ya Machame. Hakuna kijito, hakuna bomba. Maji yote ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa hutoka bonde la Karanga, karibu mita 700 chini, na hupanda juu ya kichwa au mgongo wa mtu. Upande wa Marangu ni hivyo hivyo: nyumba ya Kibo, mita 4,720, hutegemea maji yanayochotwa chini sana, mahali ambapo kibao humwambia mgeni kwamba hapo ndipo pa mwisho. Sasa fikiria beseni la maji ya vuguvugu analowekewa mgeni mbele ya hema ili anawe vumbi. Watu wa kambini huita washi-washi. Mgeni hunawa, humwaga, hushukuru. Maji yale yamepanda mlima kwa saa kadhaa kwenye bega la kijana mwenye umri wa mwanawe.

Na Karanga hiyo ndiyo Karanga hii yetu, mto unaoshuka na kupita magharibi ya mji wa Moshi, jirani na gereza.

Je, wajua kwamba kwenye mita 4,700 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 84 au 85 tu? Hewa huko ina msukumo kidogo zaidi ya nusu ya ule wa pwani. Maji yanatokota, mvuke unatoka, lakini maharage hayaivi. Utachoma gesi hadi uishiwe. Mpishi mwenye akili huyapandisha yakiwa yameivia chini, au huchukua sufuria ya presha. Wali nao hutaka subira. Chakula cha wagumu wenyewe, yaani wapagazi, ni ugali, kwa sababu unga ni mwepesi kubeba, unaiva, na unakaa tumboni. Mgeni hupewa supu ya moto kila jioni, na akifika tu kambini hukuta bisi na chai ya tangawizi. Usidharau bisi. Mtu aliyekosa hamu ya kula kwa sababu ya kimo mara nyingi hukubali kutafuna bisi kabla ya kitu kingine chochote.

Moto wa kuni hauruhusiwi hifadhini. Mwezi Oktoba 2020 moto uliwaka kwa siku nyingi kwenye vichaka vilivyo juu ya msitu, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, kile cha usimamizi wa wanyamapori kilichofunguliwa mwaka 1963 hapo jirani zetu, walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima. Anayejua jinsi vichaka vile vinavyochukua miaka kurudi haulizi kwa nini mtungi wa gesi lazima upande hadi Barafu.

Je, wajua kwamba usingizi wa jangwani hukatika wenyewe? Mtu akilala kwenye kimo kile, pumzi yake huenda kwa mawimbi: anavuta haraka haraka, kisha anatulia kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka na kuvuta tena. Anayelala naye hema moja hudhani mwenzake amekata roho. Kwa watu wengi ni jambo la kawaida na hupungua mwili ukizoea. Hatari ni nyingine: kikohozi chenye mapovu, kuyumba kama mlevi, maneno kupotea mdomoni. Hapo dawa ya kweli ni kushuka, usiku huo huo, na ndiyo maana kambini kuna machela ya chuma yenye gurudumu moja chini yake. Wagumu huikimbiza juu ya mawe gizani, wengine wakishika mbele, wengine nyuma. Wanaookolewa hivyo ni wengi, nao huondoka nchini bila kuwajua waliowabeba.

Je, wajua kwa nini waongozaji humpandisha mtu hadi Lava Tower, mita 4,630, kisha wakamshusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000, siku hiyo hiyo? Mwili hujifunza juu na hupumzika chini. Anayekwenda siku 7 au 8 ana nafasi nzuri zaidi ya kufika kilele kuliko anayekimbiza siku 5 ili kuokoa fedha.

Je, wajua kwamba mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari, mbali na vitu vyake mwenyewe? Mizigo hupimwa kwa mizani getini. Ni kanuni nzuri, na inafaa kusimamiwa kwa ukali kambi zote, siku zote, kwa sababu mzigo unaweza kuongezeka baada ya geti iwapo wagumu wengine wataachwa nyuma. Mwaka 2003 ulianza mradi wa kuwatetea wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, wenye ofisi hapa Moshi, ambao huwaazima wasio na vifaa makoti, viatu na suruali za baridi. Kabla ya hapo, na hata leo kwa baadhi yao, kijana alipanda jangwani akiwa na viatu vya mtumba na sweta moja. Baridi ya Barafu haina huruma kwa mtu wa namna hiyo. Tumewazika baadhi yao huku kwetu, na ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi.

Je, wajua kwamba nyumba za njia ya Marangu hubeba majina ya wamangi wetu? Mandara wa Old Moshi na Horombo wa Rombo. Zamani zile ziliitwa Bismarck na Peters. Kilele nacho kilikuwa cha Kaiser Wilhelm, hadi usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge huko juu, na kikawa Uhuru.

Je, wajua kwamba kuna intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, tangu Agosti 2022, iliyopelekwa na shirika letu la TTCL? Wengine hulalamika kwamba inavunja ukimya. Mwongozaji anayeita msaada usiku hatalalamika.

Je, wajua kwamba mwezi Juni 2017 wanawake kutoka mataifa 20 hivi walicheza mpira dakika 90 ndani ya kreta, kwenye mita 5,714? Uwanja wao ulikuwa majivu ya volkano, tambarare kama uliotandazwa kwa jembe. Huko ndiko jangwa linakofikia mwisho wake, kando ya mabaki ya barafu ya Furtwängler, na safari chache bado hulala humo usiku mmoja.

Barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1912 ilipimwa kuwa na kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilibaki chini ya 2. Sehemu kubwa hata haiyeyuki kuwa maji: hewa ni kavu mno, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja juani. Maana yake jangwa linapanda. Mahali ambapo Meyer alichonga ngazi kwa shoka, leo mtu hutembea juu ya changarawe tupu hadi kwenye kibao cha Uhuru.

Je, wajua, mwisho kabisa, kwamba raia wa Tanzania hulipa ada ya hifadhi kwa shilingi, na ni ndogo sana kuliko ya mgeni? Januari na Februari ni miezi mizuri, na kuanzia Julai hadi Oktoba pia. Kama una afya, na una mtoto au ndugu anayefanya kazi huko juu, panga siku zako uende ulale hata usiku mmoja Horombo, ukiweza ufike Kibo. Chukua mwongozaji mwenye leseni, uliza kampuni inawalipa wagumu kiasi gani na wanakula mara ngapi kwa siku. Na siku ya kushuka, pale getini, mpe kila mgumu bahasha yake mkononi mwake mwenyewe.